Darasa la awali likiwa lazima, kazi inaanza na hesabu ya watoto

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ndiyo iliyoufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa lazima Tanzania. Kabla yake, sera ya 1995 iliweka miaka miwili ya hiari. Ufaransa nayo ilishusha umri wa lazima hadi miaka 3 mwaka 2019, lakini wakati huo karibu watoto wote wa umri huo walikuwa tayari shuleni. Kwetu agizo lilitangulia, vyumba na walimu vinafuata nyuma. Kwa hiyo ninaposikia mzazi wa Ilemela au Sengerema, hapa Mwanza, akitishiwa kwa kutomwandikisha mtoto, naona tumeanzia mwisho. Ulazima uibane halmashauri kwanza.

Uandikishaji wa Januari huanza Oktoba, nao umechelewa ikiwa shule haijui watoto wake. Mwenyekiti wa kitongoji au mtaa apite kaya kwa kaya mwezi Agosti, aandike kila atakayetimiza miaka 5. Kwenye mialo ya Ukerewe na Buchosa daftari hilo halitoshi, kwa sababu familia za wavuvi wa dagaa huhama mwalo hadi mwalo. Hapo viongozi wa BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, ndio wanaojua nani kahamia na nani kaondoka, hivyo waingizwe kwenye kazi hiyo. Mtoto akihama, aondoke na barua ya shule, maana asipokuwa nayo huanza upya kila anapofika.

Kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Wakifika 90 chumba kimoja, hakuna kufundisha, ni kuitikia kwa pamoja tu. Kuwagawa mikupuo miwili huacha 45 kwa kila mkupuo, bado wengi, ila angalau mwalimu anaweza kumshika kila mtoto mkono anapojifunza kushika penseli. Mwalimu huyo asiwe yule anayesubiri kustaafu au aliyekosa darasa lingine. Awali inataka mtu aliyesomea watoto wadogo, anayebadilisha shughuli kila baada ya dakika 20 hivi na anayejua kwamba mchezo ndilo somo lenyewe.

Madawati ya darasa la tano hayafai: miguu inaning'inia na meza inafika kidevuni. Mkeka ni bora kuliko dawati hilo. Fundi akipatikana, meza iwe na kimo cha sentimita 46 hadi 53, kiti 26 hadi 31. Chooni, tundu la mtoto lisizidi sentimita 15, vinginevyo ataogopa kuingia na atajisaidia nyuma ya jengo.

Zana za kuhesabia ni rahisi. Watoto 25 wakihesabu hadi 10, unahitaji vifuniko vya soda 250, na meno yake yagongwe kwa nyundo yalale kabisa. Mawe madogo nayo yanafaa, na Mwanza hatuna uhaba wa mawe. Ila watoto wasitumwe ziwani kuokota makonokono: wakiingia majini wanaweza kupata kichocho.

Uji ndio unaowafanya warudi kesho. Gramu 50 za unga kwa mtoto kwa siku ni kilo moja kwa mwezi wa siku 20 za masomo. Watoto 50 wanahitaji kilo 2.5 za unga na maji lita 18 hadi 20. Wazazi wakubaliane kwenye mkutano, lakini asiyetoa, mtoto wake asirudishwe nyumbani. Elimu hii haina ada tangu 2016, na kumfukuza mtoto kwa sababu ya kilo ya unga ni kuvunja ahadi hiyo.

Kuna jambo moja linalosahaulika sana: lugha. Kwimba na Magu wengi huja na Kisukuma kitupu, visiwani Kikerewe au Kijita. Mtoto anayeambiwa kwa Kiswahili pekee "panga mistari" hubaki ameduwaa, na mwalimu humwandika mzito. Wiki sita za mwanzo mwalimu aseme kwa lugha ya nyumbani, arudie kwa Kiswahili, huku akionyesha kwa mkono. Kama hajui lugha hiyo, mama mmoja wa kijijini akae naye darasani asubuhi, na halmashauri imlipe posho.