Je, wajua kwa nini bahati nasibu ya "nusu kwa nusu" ni kosa California?

Kwenye mechi za shule na hafla za makanisa Marekani kuna njia ya kuchangisha inayopendwa sana. Watu wananunua tiketi, fedha zote zinawekwa pamoja, namba moja inachomolewa, mshindi anaondoka na nusu ya fedha na nusu nyingine inaingia kwenye mfuko wa shule au kanisa. Hakuna zawadi ya kununua wala hofu ya kula hasara. Lakini shule ikifanya hivyo California imevunja sheria ya jinai, hata kama kila senti ya ile nusu yake imenunua vitabu vya watoto.

Chanzo ni katiba ya jimbo. Ibara ya 4, kifungu cha 19, inapiga marufuku bahati nasibu. Kisheria, mchezo unakuwa bahati nasibu mambo matatu yanapokutana: kuna zawadi, mshindi anapatikana kwa bahati, na mtu amelipa ili ashiriki. Sheria haiangalii kama anayechezesha ni tapeli au ni mama wa Shule ya Jumapili. Marufuku hiyo imelegezwa kidogo kidogo kwa kura za wananchi: bingo ya hisani mwaka 1976, bahati nasibu ya jimbo lenyewe mwaka 1984, na hatimaye Machi 2000 Pendekezo namba 17, lililoruhusu mashirika yasiyo ya faida kuchezesha bahati nasibu ya tiketi. Bunge la jimbo likaandika masharti katika kifungu cha 320.5 cha Kanuni ya Adhabu, yakaanza kutumika tarehe 1 Julai 2001. Kwa hiyo ruhusa iliyopo ni kwa anayetimiza masharti yale tu. Asiyeyatimiza anarudi kwenye marufuku ya zamani.

Sharti lililo moyo wa sheria ni hili: angalau asilimia 90 ya mapato ghafi ya tiketi lazima itumike kwa kazi ya hisani. Neno la kushika hapo ni "ghafi". Asilimia hiyo haihesabiwi kwenye faida, baada ya kutoa gharama. Inahesabiwa kwenye kila dola iliyolipwa na mnunuzi.

Tufanye hesabu. Chama cha wazazi kimeuza tiketi 500 kwa dola 10 kila moja. Mapato ni dola 5,000. Dola 4,500 ni za hisani, hazigusiki. Zinazobaki ni dola 500, na ndizo zitakazolipia uchapaji wa tiketi, matangazo na zawadi. Ukimpa mshindi wa nusu kwa nusu dola 2,500, hisani imebaki na asilimia 50. Umekosea kwa dola 2,000 kabla hujalipia hata karatasi.

Ndiyo maana zawadi za bahati nasibu California kwa kawaida huwa za kupewa: baiskeli kutoka dukani, chakula cha wawili kutoka mgahawani, gari kutoka kwa muuza magari wa mtaani. Kitu kilichotolewa bure hakipunguzi zile asilimia 90. Sheria pia inaruhusu gharama zilipwe kwa fedha zisizotokana na tiketi, kwa mfano mfadhili akijitolea kulipia zawadi, au shirika likitumia akiba yake. Texas walichukua njia nyingine: sheria yao inakataza zawadi ya fedha taslimu moja kwa moja. California haikatazi fedha, ila hesabu yenyewe inakubana. Na Utah hakuna mlango kabisa. Katiba yao inazuia michezo ya kubahatisha, ya hisani ikiwemo.

Sasa tiketi yenyewe. Lazima iwe ya karatasi, yenye kipande cha kuchanika, na kipande hicho kiwe na namba au alama ileile iliyo kwenye tiketi. Mshindi anachomolewa kutoka kwenye vipande hivyo, chini ya usimamizi wa mtu mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Kutangaza bahati nasibu kwenye tovuti au mitandao ya kijamii kunaruhusiwa. Kuuza tiketi kwa njia ya intaneti hakuruhusiwi. Hapa mashirika mengi hujikwaa, kwa sababu siku hizi fomu ya malipo mtandaoni hutengenezwa kwa dakika chache na kila mtu anaiona ni jambo la kawaida.

Shirika nalo lina vigezo vyake. Liwe limetambuliwa kuwa halilipi kodi ya mapato ya jimbo, na liwe na ruhusa ya kufanya shughuli California kwa angalau mwaka mmoja kabla ya kuchezesha. Kundi lililoundwa mwezi uliopita kwa ajili ya mgonjwa mmoja halina sifa. Usajili kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo unafanywa kabla tiketi ya kwanza haijauzwa, na baadaye shirika linaleta taarifa ya jumla ya mapato, gharama na fedha zilikokwenda. Asiye mwajiriwa wa shirika halipwi kwa kazi ya kuendesha bahati nasibu. Ile desturi ya kumwambia kijana "uza tiketi, chukua kumi kwa mia" haipo. Hata mwajiriwa halipwi kutoka kwenye zile asilimia 90.

Kuna vipengele viwili ambavyo jumuiya zetu za Waafrika Mashariki walioko California zinapaswa kuvijua kuliko vyote. Cha kwanza: fedha za bahati nasibu haziwezi kutumika kwa kazi yoyote nje ya California. Kisima cha Kitui, darasa la Kigoma, dawa za zahanati ya Bukavu, vyote havimo, hata kama shirika limesajiliwa vizuri na hesabu zake ni safi. Cha pili: fedha hizo haziwezi kuwanufaisha viongozi, wakurugenzi au wanachama wa shirika lenyewe. Chama cha kufa na kuzikana hakiwezi kuchezesha bahati nasibu ili kimsafirishe mwanachama aliyefariki. Kwa mahitaji hayo harambee ya kawaida inafaa zaidi, maana mchango usio na droo wala zawadi si bahati nasibu.

Njia nyingine halali ni tiketi za bure. Zikigawiwa kwa watu wote bila ubaguzi, na asiyetoa kitu akapata tiketi kwa masharti yaleyale na aliyechangia, kifungu cha 320.5 hakihusiki, kwa sababu lile jambo la tatu, malipo, halipo. Lakini iwe bure kweli. Kuandika "mchango unaopendekezwa: dola 10" kisha kumnyima tiketi aliyekuja mikono mitupu ni kuuza tu kwa jina jingine.

Timu za michezo ya kulipwa ndizo zilizopata nafuu. Mwaka 2015 bunge lilipitisha sheria ya pekee, kifungu cha 320.6, iliyoziruhusu taasisi za hisani zinazohusiana na timu za ligi kubwa kuchezesha nusu kwa nusu uwanjani siku ya mechi ya nyumbani. Kwa maoni yangu shule ya msingi ilistahili nafasi hiyo kabla ya klabu ya mpira wa kikapu.

Mshindi naye ajiandae kwa kodi ya serikali kuu. Ushindi ukizidi dola 5,000 baada ya kuondoa bei ya tiketi, shirika linawajibika kukata asilimia 24. Gari la dola 20,000 lililopatikana kwa tiketi ya dola 100 lina kodi ya dola 4,776, na kwa kuwa gari halikatwi vipande, mshindi anazileta taslimu kabla ya kukabidhiwa. Shirika likiamua kumlipia, kiwango kinapanda hadi asilimia 31.58, yaani takriban dola 6,284. Kwa waliokosa, bei ya tiketi haihesabiwi kuwa sadaka ya kupunguziwa kodi, kwa kuwa walinunua nafasi ya kushinda.