Ustawi si bonanza

Nimeliona tena tangazo la aina ileile: chuo kimoja cha udaktari kinawaalika wanafunzi kwenye "Siku ya Ustawi wa Kisaikolojia". Ratiba yenyewe ni kukimbiza kuku, kuvuta kamba, muziki na nyama choma. Hilo ni bonanza. Sina ugomvi na bonanza, ila tuliite jina lake.

Ustawi wa kisaikolojia ni hali ya mtu kujikubali, kuelewana na watu, kujiamulia mambo yake, kumudu mazingira, kuwa na kusudi na kuendelea kukua. Ndiyo mambo sita aliyoyapanga mwanasaikolojia Carol Ryff mwaka 1989. Kucheka hakumo.

Neno lenyewe, ustawi, lingetosha kutuzindua. Shambani tunasema mahindi yamestawi. Sijamsikia mkulima akisema mahindi yamefurahi. Asili yake ni Kiarabu, istawa: kulingana, kukomaa, hata chakula kuiva. Shina lake ni moja na "sawa" yetu ya kila siku, na Waarabu wanalitumia hata kuitaja ikweta. Furaha nayo ni ya Kiarabu, lakini imetoka shina jingine kabisa. Mtu anaweza kufurahi kwa dakika tano, kisha basi. Kustawi kunataka msimu mzima, palizi na samadi.

Hisia chanya zina kazi yake. Tangu 1998 mwanasaikolojia Barbara Fredrickson ameeleza kwamba furaha, shauku ya kujua na utulivu hupanua fikra, na zikijirudia humwekea mtu akiba ya marafiki, maarifa na ustahimilivu. Zikijirudia, lakini. Mvua ya Jumamosi moja haivushi shamba.

Uchambuzi wa mwaka 2016 uliokusanya tafiti za nchi 43 ulikuta takriban asilimia 27 ya wanafunzi wa udaktari wana sonona au dalili zake, na wachache kati yao ndio waliotafuta tiba. Mwanafunzi kama huyo atavuta kamba, atapigwa picha akicheka, na kesho asubuhi yuko wodini kwenye raundi akiwazia sapu, mtihani wa marudio. Mwenzake aliyelia chooni baada ya mgonjwa wake wa kwanza kufariki, kisha akamtafuta rafiki wa kuzungumza naye, huenda ndiye anayestawi.

Kwa hiyo waandaaji, safari ijayo andikeni tu "Bonanza". Mkilitaka sana lile neno jingine, anzieni kwenye ratiba ya zamu za usiku. Nyama choma tutakuja kula vilevile.