"Mchango" katika mali ya ndoa: maana yake wawili wanapoachana

Nairobi neno mchango halimpiti mtu. Unaamka asubuhi umeshaingizwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha harusi, cha mazishi au cha bili ya hospitali, na mweka hazina ameanza orodha: fulani elfu mbili, fulani mia tano. Mchango wa aina hiyo una jina na kiasi, kila mtu anauona. Lakini ukifika Milimani, kwenye Kitengo cha Familia cha Mahakama Kuu, neno hilohilo lina kazi nyingine. Pale mchango ni kile ambacho mume au mke alitia katika kupata mali ya ndoa, na ndicho kipimo cha nani apate nini ndoa ikivunjika.

Wapo wawili wanaoumizwa na kutolielewa neno hili. Wa kwanza ni yule anayedhani nusu ni yake bila kuulizwa chochote. Wa pili, ambaye ndiye hunitia uchungu zaidi, ni yule anayefunga virago usiku na kurudi kwao kwa sababu ameambiwa hana chake, eti hakuwahi kupokea mshahara.

Tuanze na mali yenyewe. Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013 inataja mambo matatu: nyumba ambayo wawili hao wanaishi kama makao yao, vyombo na samani zilizomo ndani yake, na mali nyingine yoyote waliyoipata na kuimiliki pamoja wakiwa katika ndoa. Shamba ambalo mume amerithi kwa babake Murang'a halimo. Hata hivyo, ikiwa mke alilipa fundi akajenga nyumba juu ya shamba hilo, au aliling'oa magugu na kupanda miparachichi, sheria inampa haki inayolingana na alichotia katika kuliboresha. Waislamu nao wanaweza kufuata sheria ya Kiislamu katika mali yao ya ndoa.

Sasa mchango. Sheria hiyo inasema mchango ni wa fedha na usio wa fedha, kisha inautaja huo wa pili mmoja mmoja: kazi za nyumbani na kuiendesha nyumba, kulea watoto, kuwa mwenzi wa mwenzako, kusimamia biashara au mali ya familia, kulima. Mtu akisoma haraka anaweza kuona ni maneno ya kawaida tu. Si ya kawaida hata kidogo. Kabla ya hapo mahakama za Kenya zilikuwa zikitumia sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu mali ya wanawake walioolewa, na katika kesi ya Echaria mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ilishikilia kwamba kuwa mke peke yake hakumpi mtu fungu katika mali iliyosajiliwa kwa jina la mume; ilibidi kuonyesha mchango wa kifedha. Mwanamke aliyepika, akafua, akaamka usiku na mtoto mwenye homa kwa miaka ishirini, machoni pa sheria ya wakati huo alikuwa hajaweka hata tofali moja.

Mwaka 2021 Jaji Teresia Matheka, akiwa Nakuru, aliandika katika uamuzi wake kwamba kulea watoto na kutunza nyumba ni kazi kamili ambayo familia nyingine hulipa mtu kuifanya. Mkazi yeyote wa Nairobi anaweza kulihakiki hilo kwa kalamu na karatasi. Hesabu mshahara wa yaya kila mwezi, ongeza wa kufua, ongeza wa kupeleka watoto shule na kuwarudisha, kisha zidisha kwa miaka ya ndoa. Fedha hizo hazikutoka mfukoni mwa mume kwa sababu kuna mtu alikuwa akiifanya kazi hiyo bure, na kwa kuwa hazikutoka, ndipo ploti ya Ruiru ikanunuliwa.

Je, basi ni nusu kwa nusu? Hapana, si moja kwa moja. Kifungu cha 45 cha Katiba kinasema wanandoa wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakiwa katika ndoa, na inapovunjwa. Wengi waliisoma kuwa kila kitu kikatwe katikati. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu, iliyo juu ya mahakama nyingine zote, ilieleza kwamba usawa huo haumaanishi kugawa sawa kwa sawa kila mara. Kila kesi itaangaliwa kwa ushahidi wake wa mchango. Katika kesi iliyokuwa mbele yake siku hiyo, mke alipata nusu, lakini aliipata kwa sababu mchango wake ulithibitishwa.

Kwa hiyo uthibitisho ndio kila kitu, na hapa ndipo watu wetu hushindwa. Chukua mfano: nyumba ya Kitengela imejengwa miaka minane, simiti ikinunuliwa mifuko mitano mitano, fundi akilipwa kwa M-Pesa, mkopo wa sacco, yaani ushirika wa akiba na mikopo, ukikatwa kwenye mshahara wa mke huku hatimiliki ikitoka kwa jina la mume. Sheria inamwanzia mke vizuri: mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kwamba anaishika pia kwa niaba ya mwenzake, na ikiwa kwa majina ya wote wawili, huchukuliwa kuwa ni sawa kwa sawa. Ila mume anaweza kuleta ushahidi wa kupinga. Taarifa za M-Pesa, daftari la chama cha kuchangishana akiba, barua ya sacco, stakabadhi za duka la vifaa vya ujenzi, hata fundi mwenyewe akija kusema nani alikuwa akimlipa na kumsimamia, vyote hivyo ni ushahidi.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi mapema: kesi ya talaka na kesi ya mali ni mbili tofauti. Hati ya talaka haigawi hata kijiko. Mali hugawanywa baada ya ndoa kuvunjwa, lakini unaweza kuomba mahakama itamke haki yako katika mali fulani hata kabla hujafungua kesi ya talaka. Na kama ndoa ni ya mke mmoja, mali ya ndoa haiwezi kuuzwa, kupangishwa wala kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili. Ukishuku kuna njama ya kuuza, weka tahadhari (caution), yaani zuio la kuihamisha ardhi, kwenye sajili ya ardhi kwanza, maneno baadaye.

Madeni nayo hugawanywa. Mkopo uliochukuliwa kulipa karo au kodi ya nyumba ni wa wote wawili, hata kama sahihi ni ya mmoja.

Watoto hawaingii katika hesabu hii. Mahakama ya Watoto hutazama maslahi ya mtoto, na Katiba inawapa baba na mama wajibu sawa wa kumlea, wawe wamewahi kuoana au la.

Wanaoishi njoo-tukae, yaani pamoja bila kufunga ndoa, ambao mitaani kwetu ni wengi, wasikilize hili pia. Siku hiyohiyo ya Januari 2023, katika kesi nyingine, Mahakama ya Juu ilisema kuishi pamoja miaka mingi hakuwafanyi wawili kuwa wanandoa kirahisi. Lakini ilikubali kwamba wawili waliotafuta mali pamoja kwa nia moja wanaweza kudai kila mmoja fungu lake, ndoa iwepo isiwepo. Na fungu hilo nalo hupimwa kwa kile ambacho kila mmoja alitia.