Ukiulizwa na jaji, jibu hapohapo

Juzi nimekaa tena kiti cha jaji kwenye mahakama ya mfano, yale mazoezi ya wanafunzi wa sheria kutetea kesi ya rufaa ya kubuni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, sauti juu, akasema shahidi wa pili alijikanganya. Nikamuuliza: hilo lipo ukurasa wa ngapi wa kumbukumbu za rufaa, yale makaratasi ya kesi ya chini? Akanijibu, "Mheshimiwa Jaji, nitafika huko," akaendelea na hotuba yake.

Jamani, wadogo zangu, huu si mdahalo wa sekondari! Nani amewaambia kwamba jaji akiuliza anawakatisha? Swali ndiyo nafasi yenyewe: jaji amekufungulia mlango, anakuonyesha kinachomkwamisha asikupe rufaa yako. Hotuba uliyoikariri jana usiku haijui kinachomkwamisha. Jibu kwanza, ndiyo au hapana, kisha eleza sababu, kisha rudi kwenye hoja yako. Wengi hujibu kwa hadithi ndefu, na "ndiyo" yenyewe hawaitamki.

Kuna jambo la pili. Kwenye rufaa shahidi hayupo tena, hakuna wa kumdodosa. Kabla hujaandika sababu za rufaa, jua umesimama ngazi gani. Kwenye rufaa ya kwanza, mahakama inapaswa kuupima ushahidi upya; kesi ya Pandya dhidi ya R (upande wa mashtaka) ya 1957 tunainukuu hadi leo. Ila Peters dhidi ya Sunday Post ya 1958 inakukumbusha kwamba aliyemwona shahidi kwa macho ni hakimu au jaji wa chini, kwa hiyo usidhani matokeo yake yanageuzwa kirahisi. Rufaa ya pili ya jinai ni ya hoja za sheria. Mahakama ya Rufani ya Tanzania hugusa ushahidi pale mahakama za chini zilipouelewa vibaya, kama ilivyoelezwa katika DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) dhidi ya Jaffari Mfaume Kawawa mwaka 1981.

Vitabu huuchora mpaka wa sheria na ushahidi kama uzio. Mimi sijauona ukitulia mahali pamoja. Hakimu asipoutazama kabisa utetezi wa mshtakiwa, naiita hoja ya sheria bila kusita. Akiutazama kwa sentensi moja tu, je? Hapo nimewahi kushinda, na nimewahi kushindwa kwa maneno yaleyale.

Siku hiyohiyo alisimama mwingine, mjibu rufaa, yaani anayeipinga rufaa, sauti ndogo, karatasi zikimtetemeka mkononi. Nikamuuliza swali lilelile. Akanyamaza, akafungua, akaweka kidole. "Ukurasa wa 14, mstari wa sita, Mheshimiwa. Nakiri kwamba mstari wa tisa hauko upande wangu, lakini rufaa hii haisimami juu yake." Majaji wenzangu wawili wakafunua ukurasa wa 14. Mimi nikafika mstari wa tisa, nikamwomba aendelee.