Je, wajua kwa nini makanisa ya vijijini Urusi yaligeuzwa maghala ya nafaka?

Jibu la haraka ni kwamba Wabolsheviki, yaani wakomunisti waliotwaa madaraka mwaka 1917, waliipinga dini. Ni kweli, lakini kwa nini ghala?

Kazi ilianzia kwenye karatasi. Amri ya mwaka 1918 ililinyang'anya Kanisa la Kiorthodoksi mali zake, majengo yakiwemo, na waumini wakawa kama wapangaji wa serikali. Sheria ya Aprili 1929 ikakaza kamba: wasipopatikana watu 20 wa kusaini mkataba na kubeba gharama za jengo, hakuna ibada. Ishirini si wengi kijiji kikiwa na amani. Lakini ni wakati huohuo wakulima walipoanza kusukumwa kwenye mashamba ya pamoja, yaani kolkhozi. Waliobandikwa jina la kulaki, yaani mkulima tajiri, walifukuzwa na familia zao, wazee wa kanisa wakiwemo. Padri alinyimwa kura na kutozwa kodi asiyoiweza. Jina moja likifutwa wanabaki 19, na mkataba unakufa.

Hapo ndipo nafaka ilipoingia. Nyumba za kijiji zilikuwa za magogo. Kanisa mara nyingi ndilo lililokuwa jengo pekee la matofali, lenye kuta nene na ukumbi mpana. Mavuno ya kolkhozi yalitaka pa kuwekwa, na viongozi wakasema ni kwa muda tu. Ngano ikirundikwa hadi mbele ya madhabahu, utasali wapi? Ibada ikikoma, kanisa linahesabiwa limefungwa. Kengele zilitupwa kutoka mnarani, zikavunjika, na shaba yake ikapelekwa viwandani.

Watu hawakunyamaza. Wanawake, ambao naona hawajapewa sifa wanayostahili, walizingira makanisa kuzuia kengele zisishushwe. Mwaka 1943, vitani, Stalin alikutana na maaskofu watatu na baadhi ya makanisa yakafunguliwa. Khrushchev, aliyeongoza baada ya Stalin, akaja kufunga mengi tena.

Kanisa lililofanywa ghala walau lilihitaji paa, kwa hiyo baadhi yalisalimika, tofauti na yaliyobomolewa. Bahati mbaya ilikuwa kwa yale yaliyowekwa mbolea ya chumvichumvi. Chumvi ilizama ndani ya matofali, na hadi leo unyevu ukikauka hujitokeza ukutani kama unga mweupe, ikibandua rangi ya nyuso za watakatifu kipande baada ya kipande.