Mita 60 kutoka mto upi?

Mteja wa kawaida wa mwanasheria wa mazingira hapa Dar es Salaam haji akitaja mabadiliko ya tabianchi. Anakuja na bahasha ya kaki. Ndani mna hati ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa na risiti kadhaa. Kwenye simu kuna picha za maji ya Mto Msimbazi yakiwa usawa wa dirisha na godoro likiwa juu ya kabati. Anataka kujua amshitaki nani.

Swali langu la kwanza humuudhi: nyumba iko umbali gani na mto? Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mto, ziwa au bahari, na muhuri wa mtaa haufuti mita hizo. Ila kifungu cha 4 cha sheria hiyohiyo kinampa kila aishiye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani kuidai. Mtu mmoja, ana kosa na ana haki.

Watu wa Tabata walidai yao hata kabla ya sheria hiyo. Katika kesi ya mwaka 1988 walilishitaki Jiji kwa moshi na uvundo wa dampo. Jiji liliposhindwa likarudi kuomba muda zaidi wa kumwaga taka palepale. Jaji Lugakingira alikataa, akaegemea haki ya kuishi iliyo katika ibara ya 14 ya Katiba.

Kwenye nishati safi wengi hudhani wakili hana kazi, maana jambo lenyewe ni jema. Hapo nawabishia. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, na mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka huo unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Sawa. Lakini shule ikishawekewa gesi, tenki ni la nani? Bei ikipanda, nani anaamua? Juzi nimesoma mkataba wa sola ya zahanati moja, kurasa kumi na nne, hauna hata neno moja kuhusu betri zikifa. Betri za madini ya risasi zikifa ni taka hatarishi, na mitaani kwetu hupasuliwa kwa nyundo uchochoroni, tindikali ikamwagwa mtaroni. Tukaongeza sentensi mbili: muuzaji azichukue mwenyewe. Sentensi mbili hizo tulizibishania wiki tatu.

Kinachonikera kuliko vyote ni kuchelewa. Mradi mkubwa, uwe wa bomba au wa umeme, lazima ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla haujaanza, na wananchi wasikilizwe. Ripoti huwa nene kama msahafu, lakini kanuni zinataka iambatane na muhtasari mwepesi, kwa Kiswahili pia. Uombeni. Kwenye mikutano hiyo, chini ya turubai, watu huulizia ajira, soda zinagawiwa, kikao kinafungwa. Malalamiko yanaanza greda likishafika.

Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha inatoa miezi miwili tu tangu kitendo kilalamikiwacho kutokea au mlalamikaji kukijua. Mwaka 2014 ilizuia barabara ya lami kukatiza Serengeti. Shauri la bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lilifunguliwa 2020, na Novemba 2023 likatupwa kwa sababu ya muda. Hoja za tabianchi zilibaki kwenye makaratasi. Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ilitoa maoni kwamba nchi zina wajibu wa kisheria kulinda tabianchi. Nitayanukuu kwa furaha, lakini hayatanirudishia siku zilizopita.

Yule wa bahasha tulikwenda naye kwake na futi kamba. Tukasimama ukingoni, nikamwuliza tuanzie wapi kupima. Akanyoosha kidole ng'ambo ya maji: aliponunua, mto ulikuwa unapita nyuma ya miembe ile. Nikatazama. Miembe yenyewe haikuwapo.