Je, wajua? Jinsi kompyuta ya mwaka 1982 inavyopiga wimbo wa dakika sita kwa faili la kilobaiti chache

Tuanze na hesabu. Wimbo ulio kwenye CD una sampuli 44,100 kwa kila sekunde, upande wa kushoto na upande wa kulia, na kila sampuli hubeba baiti mbili. Hiyo ni baiti 176,400 kwa sekunde moja tu. Wimbo wa dakika tatu unakaribia megabaiti 32. Sasa itazame Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyoingia sokoni Marekani Agosti 1982 kwa bei ya dola 595. Kumbukumbu yake yote ni kilobaiti 64, yaani baiti 65,536. Ukiimiminia muziki wa CD, inajaa kabla hata nusu sekunde haijaisha. Ukiipa MP3 ya kawaida ya kilobiti 128 kwa sekunde, itatosha sekunde nne, na hapo bado kuna tatizo kubwa zaidi: prosesa yake inayokwenda kwa kasi ya megahezi 1 hivi haina ubavu wa kuifungua MP3 hiyo.

Hata hivyo, leo hii wapo watu wanaochomeka kadi ya SD kwenye mashine hiyohiyo na kusikiliza nyimbo za dakika tano au sita, moja baada ya nyingine, kutoka katika hazina ya nyimbo zaidi ya 50,000. Mafaili mengi ya hazina hiyo hayazidi kilobaiti chache. Picha moja unayotumiwa kwenye simu ni kubwa kuliko nyimbo kadhaa zikiwekwa pamoja. Inawezekanaje?

Inawezekana kwa sababu faili la namna hii, linaloitwa faili la SID, halina sauti ndani yake. Lina programu. MP3 ni kama kanda iliyorekodiwa ukumbini kundi la taarab likitumbuiza. Faili la SID ni maelekezo anayopewa mpiga udi, mpiga kanuni na mpiga fidla, kisha wanapiga wenyewe palepale mbele yako. Maelekezo hayachukui nafasi kubwa. Lakini lazima wapigaji wawepo, na ndani ya Commodore 64 wapo watatu, wote wakikaa kwenye chipu moja.

Chipu hiyo inaitwa SID, namba yake ya kwanza 6581, na aliyeibuni ni Bob Yannes wa kampuni ya MOS Technology. Yannes alipenda muziki wa sinthesaiza na hakuridhishwa na chipu za sauti za wakati ule, ambazo nyingi zilijua kutoa mlio tu. Alitaka chipu yake iwe chombo cha muziki, na kwa maoni yangu alifanikiwa kuliko mhandisi yeyote wa kompyuta za nyumbani za enzi yake. SID ina sauti tatu. Kila sauti inaweza kuchagua umbo la wimbi lake: pembetatu, ambalo ni laini kama filimbi, meno ya msumeno, lenye ukali wa shaba, wimbi la mapigo, ambalo upana wake unaweza kubadilishwa huku noti ikiendelea kulia, na kelele, ambayo watunzi waliigeuza kuwa ngoma na matoazi. Kila sauti ina mpangilio wake wa jinsi noti inavyopanda, inavyoshuka, inavyokaa na inavyofifia. Juu ya hayo yote kuna kichujio kinachoweza kukata sauti za juu au za chini. Baadaye Yannes alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Ensoniq, kampuni iliyotengeneza sinthesaiza, na hilo halishangazi.

Mtu anaiamuruje chipu hiyo? Kwa kuandika namba kwenye rejista zake, yaani visanduku vidogo vya kupokelea amri, vinavyoanzia anwani 54272 ya kumbukumbu. Amri ya POKE ndiyo inayoandika namba kwenye anwani. Ukiwa na mashine hiyo, au programu ya kuiigiza kwenye kompyuta ya kisasa, andika mistari hii, ukibonyeza RETURN kila mwisho wa mstari:

POKE 54296,15
POKE 54277,0
POKE 54278,240
POKE 54272,69
POKE 54273,29
POKE 54276,33

Mstari wa kwanza unafungua sauti hadi mwisho, maana kipimo chake ni kuanzia 0 hadi 15. Miwili inayofuata inaiambia noti ipande mara moja na ikae juu bila kushuka. Namba 69 na 29 ndizo zinazopanga noti yenyewe: 29 mara 256, jumlisha 69, unapata 7,493, na kwenye mashine ya Ulaya namba hiyo hutoa mtetemo wa hezi 440, ile noti ya La ambayo wanamuziki hulinganishia vyombo vyao. Mstari wa mwisho unachagua meno ya msumeno, namba 32, na kuongeza 1 ya kuamuru noti ianze. Noti inalia, na itaendelea kulia hadi uiandikie 32 bila ile 1. Prosesa haina kazi nyingine tena: chipu inaendelea kulia yenyewe huku kompyuta ikisubiri amri nyingine.

Wimbo mzima ni amri za namna hiyo zikifuatana kwa mpangilio. Swali ni nani anayezitoa, na kwa saa ipi. Watunzi wengi walitumia saa ya televisheni. Katika mfumo wa PAL wa Ulaya, ambao pia ndio uliotumiwa na televisheni za Kenya na Tanzania, picha huchorwa upya mara 50 kila sekunde. Kila picha inapoanza upya, prosesa inaacha kwa muda mfupi kile inachokifanya, inaingia kwenye programu ndogo ya muziki, inaandika namba mpya kwenye rejista za SID, kisha inarudi kwenye gemu. Mchezaji anaendelea kuruka na kupiga risasi bila kuhisi lolote.

Rejista zinazoandikwa ni 25. Kama ungeziandika zote mara 50 kila sekunde, ungehitaji baiti 1,250 kwa sekunde, na dakika tatu zingekula baiti 225,000. Hapo pia kumbukumbu isingetosha. Ndiyo maana faili halihifadhi hata orodha ya namba hizo. Linahifadhi vipande vya muziki, ratiba ya kuvirudia, maelezo ya kila ala, na programu ya kuvigeuza kuwa namba wakati huohuo vinapohitajika. Mdundo wa besi unaorudi mara 40 umeandikwa mara moja tu. Ngoma ni ala iliyoelezwa kwa baiti chache: kelele ya moja ya hamsini ya sekunde, kisha noti inayoporomoka haraka.

Hapa ndipo ufundi ulipozaliwa. Sauti tatu hazitoshi besi, ngoma, kiitikio na kiongozi kwa pamoja, sembuse noti tatu zinazolia pamoja kama kodi moja ya gitaa. Watunzi wakagundua kwamba sauti moja ikirukaruka kati ya noti tatu, ikibadilika kila moja ya hamsini ya sekunde, sikio linazikusanya na kuzisikia kama kodi inayometameta. Ukisikia mlio ule wa kutetemeka kwa kasi kwenye muziki wa gemu za zamani, hicho ndicho unachokisikia: sauti moja ikifanya kazi ya tatu. Rob Hubbard wa Uingereza, aliyetamba kuanzia 1985, aliandika programu zake za kupiga muziki moja kwa moja kwa lugha ya mashine, na noti akaziandika kama namba. Mwaka 1986 kijana Mjerumani, Chris Hülsbeck, alichapisha programu yake ya kutungia muziki, Soundmonitor, katika jarida la 64'er, na wasomaji wakaichapa wenyewe nyumbani kutoka kurasani. Tangu hapo kutunga hakukuwa tena kazi ya wajuzi wa lugha ya mashine peke yao.

Muziki huo wote ulikuwa umefungiwa ndani ya gemu. Aliyetaka kuusikiliza peke yake alilazimika kuingia ndani ya programu, kutafuta pale inapoanza sehemu ya muziki, kuinyofoa na kuihifadhi. Kisha kompyuta za Amiga zikapata programu iitwayo PlaySID, ambayo iliweka utaratibu wa kuhifadhi vipande hivyo, na kutoka hapo ndipo umbo la faili la leo lilipotokea. Mkusanyo mkubwa kuliko yote, High Voltage SID Collection, umejengwa na watu wa kujitolea juu ya utaratibu huo. Nauhesabu kuwa miongoni mwa kazi bora za kuhifadhi urithi zilizofanywa na watu wa kawaida, maana umeokoa muziki ambao wenye gemu wenyewe hawakuujali tena.

Ukilifungua faili la SID na kutazama baiti zake, utaona linaanza na herufi PSID au RSID. Baiti 124 za mwanzo, kwa matoleo yanayotumika sasa, ni utambulisho: jina la wimbo, mtunzi, mwaka na mchapishaji, idadi ya nyimbo zilizomo, na anwani tatu muhimu. Ya kwanza inasema programu ipakiwe wapi kwenye kumbukumbu. Ya pili, uite wapi ili wimbo ujiandae. Ya tatu, uite wapi mara 50 kila sekunde. Nyimbo nyingi hupakiwa kwenye anwani 4096, hujiandaa kwa kuitwa hapohapo 4096, na hupigwa kwa kuitwa 4099.

Commodore 64 yenyewe hailijui faili hilo. Ukiliweka kwenye diski hivihivi, mashine haitajua la kufanya nalo, kwa sababu ule utambulisho wa mwanzo uliwekwa kwa ajili ya kompyuta nyingine. Hapo ndipo kugeuza faili kunapohitajika, na programu inayopendwa kwa kazi hiyo ni PSID64. Inauondoa utambulisho, inatafuta nafasi tupu ambayo wimbo hauigusi, inaweka hapo kidereva kidogo cha kuuita wimbo kwa wakati wake, kisha inatoa faili la PRG ambalo mashine inalielewa. Baiti mbili za kwanza za PRG ya namna hii ni 1 na 8: 8 mara 256 jumlisha 1 ni 2049, anwani ambapo programu za BASIC, lugha ya programu iliyomo ndani ya mashine, huanzia. Unaandika LOAD, jina la faili na namba 8 ya kifaa cha diski, unasubiri, unaandika RUN, na muziki unaanza. Kisomadiski cha Commodore kiitwacho 1541 husoma kama baiti 400 kwa sekunde, kwa hiyo wimbo wa kilobaiti nne hukuweka kama sekunde kumi.

Kuna wanaotaka kugeuza faili la MIDI, ambalo ni orodha ya noti za vyombo vya elektroniki, na hilo ni jambo jingine kabisa. MIDI ina njia 16 na SID ina sauti tatu, kwa hiyo hakuna programu itakayokuamulia vizuri ni nini kiachwe. Ni afadhali mtu auandike wimbo upya kwa programu kama GoatTracker, noti kwa noti, akichagua kwa sikio lake.

Na sauti halisi ya binadamu? Hiyo nayo inapigika, kwa ujanja ambao Yannes hakuupanga. Chipu ya 6581 huvuja umeme kidogo kwenye njia ya sauti, kiasi kwamba ukibadilisha namba ya rejista ya 54296 unasikia kishindo kidogo. Ukiibadilisha mara 8,000 kwa sekunde kwa kufuata umbo la sauti iliyorekodiwa, vile vishindo vinaungana kuwa maneno au ngoma. Una ngazi 16 tu za sauti, kwa hiyo inakwaruza, lakini inaeleweka. Martin Galway aliutumia ujanja huu katika muziki wa gemu ya Arkanoid mwaka 1987. Gharama yake ni kubwa. Prosesa ya Ulaya ina mapigo 985,248 kwa sekunde, hivyo kila sampuli inapewa kama mapigo 123, na chipu ya picha huiba mapigo 40 hivi kila inapochota safu mpya ya herufi. Ndiyo sababu programu nyingi za kupiga sauti zilizorekodiwa huzima kioo kabisa wakati zinapofanya kazi. Kwa ngazi 16, sampuli mbili hutosha kwenye baiti moja, na kumbukumbu yote ingebeba sekunde 16 tu.

Ukiligeuza faili lako na wimbo ukatoka wa ajabu, usiulaumu mara moja. Mashine za Marekani huchora picha mara 60 kwa sekunde, na saa yao ni ya kasi zaidi kwa karibu asilimia 4. Wimbo wa Ulaya ukipigwa huko bila kurekebishwa, wa dakika tatu unaisha kwa dakika mbili na nusu, na noti zote zinapanda zaidi ya nusu ya hatua ndogo ya muziki. Chipu nazo hazifanani. Toleo la baadaye, 8580, liliziba ule uvujaji, hivyo sauti zilizorekodiwa husikika humo kwa mbali sana. Kichujio chake pia ni safi zaidi, ilhali vichujio vya 6581 hutofautiana hata kati ya chipu mbili za kiwanda kimoja, na wimbo wenye besi nzito kwenye mashine moja unaweza kuwa mkavu kwenye nyingine. Matoleo mapya ya faili la SID yana biti za kueleza wimbo ulitungiwa chipu gani na saa gani. Zisome kwanza, kisha uchague mashine.